Chupa ya Kizungu Chini ya Kitanda

Nyie mnaonijua hapa Temeke kwa majivuno, leo nichekeni. Mie bibi mzima nikautupa mtungi wa udongo, nikatia pombe ya mananasi kwenye chupa kubwa ya kioo, ya Kizungu. Nikakikaza kizibo kwa waya, nikaisukuma chupa chini ya kitanda, askari wa Mwingereza wasinuse.

Jirani yangu Mama Anjelina akanionya, "Bibi, pombe inapumua. Funika kwa jani tu."

"Kwani ina pua? Nenda na mitungi yako, mshamba wee!"

Siku ya tatu akaja mzee wa kanisa kumposea mwanawe mjukuu wangu Roza. Kiti sina, nikamkalisha kitandani. Akakunja uso.

"Mama, nasikia humu hupikwa pombe. Mwanangu haoi nyumba ya pombe."

Nikainua mkono juu. "Mungu shahidi, hata harufu yake siijui!"

Mara chini yake kukasikika mlio, "Paa!" Kizibo kikafyatuka, povu likapenya kamba za kitanda, likamrukia mpaka ndevuni. Chumba kizima kikanuka mananasi, na mkono wangu bado uko juu.

Mzee akajilamba mdomo, taratibu.

"Mama," akasema, "sukari umezidisha."