Siku Nilipoukimbiza Mji kwa Namba ya Ruta

Jamani, habari hii nikiisimulia watu hucheka mpaka katikati halafu wananyamaza, kwa hiyo chekeni mapema. Mimi ndiye yule mtu aliyekimbia uongo wake mwenyewe, kiatu kimoja mguuni, akipiga kelele kuliko wote, soko zima la Rumonge likimwona.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, nami nilisimamia chumba cha intaneti karibu na soko, kompyuta chache tu, dishi juu ya bati, na ruta moja niliyoipangusa vumbi kila asubuhi. Sasa, kompyuta haijui majina ya kurasa, inajua namba. Ukiandika jina lazima iulize mahali fulani namba yake ni ipi, na ruta ndiyo inayoziambia kompyuta zote zikaulize wapi. Binamu yangu wa Bujumbura akanipa anwani nyingine ya kuulizia, eti ina kasi zaidi. Ningeijaribu kwenye kompyuta moja, ikikataa basi. Lakini mimi (mnanijua) nikaiandika ndani ya ruta yenyewe ili zote ziipate kwa mkupuo, nikakosea tarakimu, nikazizima zote na kuziwasha kwa mbwembwe.

Hakuna ukurasa uliofunguka. Taa za ruta zilikuwa kijani, dishi zima, ila kila kompyuta ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mama Bahati alikuwa kwenye benchi tangu nilipofungua. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka upande wa Kongo, na mwanawe Bahati, aliyekimbilia Kigoma, alikuwa ameahidi kumwandikia lini atavuka kuja kumchukua. Barua pepe zake zilikuja kwenye sanduku letu, mimi namsomea.

“Mutoto wangu, iko nini? Bahati ameandika?”

Ningesema nimeharibu. Lakini wateja walikuwa wananiita injinia, na injinia haharibu, basi nikasema, “Wamekata huko Bujumbura, mama.”

Siku zile, pwani yetu ya ziwa, mashambulizi ya waasi yalianza hivyo: simu kwanza inakufa, ndipo bunduki zinasikika. Ukisikia wamekata huulizi nani, unafunga virago. Kabla sijafumba mdomo benchi lilikuwa tupu. Neno lilitoka mlangoni kwangu likiwa “wamekata”, likafika kituo cha mabasi likiwa “wamefika Gatete”, jirani kabisa na sisi. Vidumu vya mawese vikapinduka, mabasi yakaondoka milango wazi, na mimi nilipoona watu wote wanakimbia nikaamini! (Nawaapia.) Nikatoka mbio nikilia, “Wanakuja!”

Hakuna aliyekuja. Alasiri watu walianza kurudi, na chefu wa zoni, mkuu wa eneo letu, akaniita mbele yao nieleze. Nikaeleza ruta, majina, namba, jasho linanitiririka.

“Donc, basi, hakuna mutu alikata kitu?”

“Hakuna, chefu.”

“Iko weye tu.”

“Ni miye.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mwenye mawese yaliyomwagika hakucheka.

Nikarudi, nikafuta ile anwani, nikarudisha ya zamani, kurasa zikafunguka papo hapo. Ujumbe wa Bahati ulikuwa juu kabisa, ulikuwemo tangu jana yake jioni, nilipokuwa nimeshafunga: “Mama, navuka usiku huu. Kesho mchana niko hapo. Usitoke nyumbani.”

Na kweli Bahati alikuwa amefika. Mji ukiwa mtupu, jirani mgonjwa aliyeshindwa kukimbia akamwambia kwamba huenda mama yake amepanda basi la Nyanza-Lac, naye akashika barabara ile kwa miguu. Mama Bahati hakuwa huko, alikuwa amekimbilia vilima vya Bugarama na wenzake. Aliporudi kesho yake hakupitia hata nyumbani, alikuja kwangu kwanza kuuliza kama intaneti imerudi. Nikamsomea.

“Usome tena,” akasema.

Barabara ile, miaka ile, haikuwa ya mtu kupita peke yake. Bahati hakuandika tena.

Tangu hapo nimeapa: mtandao ukigoma, hata kama kweli wamekata Bujumbura, nasema ni mimi nimeharibu, kaeni mtulie. Wateja wanacheka, wananiuliza kiatu kingine kiko wapi, nami nawaacha wacheke. Mama Bahati bado hupita asubuhi. Anauliza tu kama imefunguka, namfungulia sanduku, tunaliangalia wote wawili.