Ungo, Dadu na Mkono Wake wa Kulia

Siyo kweli, na usinikatishe! Umekuja hapa stesheneri kutoa kopi ya cheti, umeona dadu mbili juu ya mashine yangu, ukacheka. Eti mpira wa dadu ni wa watoto, mpira wa kompyuta ndiyo una akili. Kompyuta naijua, bwana. Hakuna aliyenifundisha, nimeipekua mwenyewe. Ule mchezo wa kuendesha timu, unapanga kikosi, unabonyeza, yenyewe inaamua mechi nzima, nimeucheza mpaka macho yamevimba. Kwa hiyo kopi zako zitasubiri. Kaa nikwambie.

Mimi na mshikaji wangu tulianza dadu tukiwa shule ya msingi, kijijini kwao Mpui. Tulikata maboksi ya sabuni tukapata wachezaji, kila mmoja nguvu zake tumeziandika kwa kalamu. Timu yake ilikuwa Mpui, yangu Kaengesa, kwa wajomba zangu. Golikipa wangu nilimpa jina la beberu wetu, maana yule beberu ukimpita mlangoni wewe ni mwanaume. Uwanja ulikuwa ungo wa mama yake. Sakafuni dadu zinakimbilia chini ya kitanda, ila kwenye ungo zinazunguka zinarudi kati. Sita mbili, goli. Dadu ikiegemea ukingo, kona. Tatizo punje za ulezi zilizonasa kwenye ufumaji. Dadu ikigonga punje inageuka, mmoja anasema irudiwe, mwingine anasema thubutu, hapo ngumi.

Mama yake akachoka.

"Ungo wangu siyo ulingo," alisema. "Kuanzia leo kila mtu amrushie mwenzake. Nione mtapigana na nani."

Ndiyo ikawa sheria yetu. Kaengesa wakishambulia, anarusha yeye. Mpui wakishambulia, narusha mimi. Fikiria hiyo kitu! Mkono wako mwenyewe ndiyo unampa adui goli. Nikimrushia sita mbili, jamaa ananiinamia kama padri: "Asante kaka. Mkono wako unanipenda kuliko unavyokupenda wewe." Nilikuwa nataka kumng'ata. Lakini kulaumiana kuliisha. Tukakua, tukaota ndevu, sheria ile ile.

Baadaye akaenda Kasesya kuendesha bodaboda, anabeba mizigo ya mpakani. Lori likambana, akaingia mtaroni na pikipiki. Alipona. Mkono wa kulia ulibaki mwilini, ila ulikuwa unaning'inia tu kama sweta lililoloa kwenye kamba. Akarudishwa kwa mama yake.

Nikawa naenda Jumapili baada ya misa, dadu mfukoni. Unaujua ule upepo wa Mpui mwezi wa sita, unaingia mpaka kwenye meno. Namkuta amekaa mlangoni kwenye kajua, blanketi begani, ungo kauweka tayari. Ananirushia kwa kushoto. Dadu zinaruka nje ya ungo, kuku wanazikimbilia wakidhani mahindi. Mwanzoni tulicheka sana. Halafu akaacha kucheka, nikawa nacheka peke yangu, na mimi nikaacha.

Siku moja nikamrushia, sita mbili. Goli. Shambulizi lililofuata, sita mbili tena. Nikapiga kelele, "We jamaa, leo unaniua!" Nikarusha tena. Sita mbili.

Yeye anaangalia mkono wangu, dadu haziangalii.

"Unarushaje?"

"Kama siku zote."

"Unanihurumia."

"Nani? Mimi? Nikuhurumie wewe uliyenifunga miaka yote hiyo?"

"Unazipika."

"Si ulisema mwenyewe mkono wangu unakupenda?"

"Zamani nilikuwa natania," akasema. "Zamani mkono wangu ulikuwa mzima."

Nilipandisha hasira, unanijua. Niliapa kwa kaburi la baba. Mama yake akatoka jikoni na mwiko akiuliza nani kafa. Nikamwambia mshikaji basi rusha wewe kwa timu yako, kwa hicho hicho kushoto, mimi niangalie tu. Akakataa. Sheria ni sheria. Akasema, "Niletee ile kompyuta yako. Ile hainijui."

Nikaiazima kwa bosi wangu wa hapa stesheneri, nikaenda nayo imefungwa kwenye kitenge isiingie vumbi. Nikaziingiza timu zetu zote mbili, mpaka beberu. Akabonyeza kwa kidole cha kushoto, Mpui ikachapwa nne bila. Akatabasamu! Sijawahi kuona mtu anafurahia kufungwa namna ile. "Umeona?" akaniambia. "Hiyo ndiyo mechi."

Sasa hivi kila Jumapili anabonyeza, mimi nimekaa pembeni kama mtu aliyekuja kuchajisha simu. Mama yake amechukua ungo, anapepetea ulezi. Wiki iliyopita nilitoa dadu mfukoni. Akaniambia rudisha, usinisumbue.

Kwa hiyo usinifundishe kwamba kompyuta haipendelei. Najua haipendelei. Itampendelea nani wakati haimjui mtu? Mimi namjua, na sikuzipika zile dadu. Ziliangukia sita zenyewe, Mungu ananiona. Ila sasa niambie wewe mwenye akili: ungekuwa ni wewe pale mlangoni, mkono wako wa kulia umekufa, ungeniamini?