Bendi Niliyomtungia Mister Kyle

Juzi nilimnunulia mpwa wangu boksi la penseli za rangi. Nilipoichana ile nailoni nyembamba ya juu, harufu ya plastiki mpya ikanijia puani, na papo hapo nikamchukia upya Mmarekani mmoja ambaye sijamtia machoni tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilimaliza kuifungua nikiwa nimekunja uso, mtoto wa watu akadhani nimemkasirikia yeye.

Wacha nikueleze, msomaji, halafu uamue mwenyewe kama nina roho mbaya.

Harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu kila jioni. Alikuwa muuzaji katika duka la CD mtaani Al Mankhool, Dubai, katika miaka ile ya elfu mbili na kitu ambapo watu bado waliununua muziki na kwenda nao nyumbani kwenye mfuko. Baba alikuwa mlinzi kule Jebel Ali, analala kambini na wenzake, nasi tunamwona Ijumaa. Mama na mimi tulikuwa na chumba chetu katika nyumba tuliyochangia na mume na mke kutoka Uganda, jiko moja, bafu moja, na redio moja juu ya friji. Basi la shule liliniteremsha karibu na duka, nikapitia mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta na hesabu zangu. Meneja alijifanya hanioni, mradi nisimsumbue mtu.

Mama mwenyewe hakuwa na haja na muziki ule. Alitoka Kisii na nyimbo zake za kanisani, akabaki nazo. Lakini kazi ni kazi, na maboksi ya mzigo mpya yakija ni yeye aliyeyafungua na kupanga CD rafuni. Jalada likiwa na mwanamke aliyeacha mabega wazi, lilifika limepakwa wino mweusi mabegani, kwa sababu ndivyo sheria ilivyotaka. Mara nyingine mzigo mzima ulikaa ghalani Al Qusais ukisubiri kupakwa wino huo. Mteja akiuliza, aliambiwa, “Inshallah wiki ijayo,” naye hakushangaa. Dubai tulizoea kusubiri CD ambayo ipo ila haijaonekana na mtu.

Sasa nikutajie adui yangu. Aliitwa Mister Kyle, mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye kaptura na viatu vya wazi hata Januari. Mchana alifanya kazi ya ofisini, lakini kila Jumatano saa kumi na mbili jioni alikuwa na saa yake moja kwenye redio ya Kiingereza, na katika saa hiyo alipiga muziki wa Waingereza tu. Yeye Mmarekani! Alitoka jimbo la katikati ya nchi yao ambako, kwa maelezo yake, hakukuwa na kitu ila mahindi. Mama alishangaa sana kwamba mtu anaweza kuyasema vibaya mahindi.

Ule muziki aliupenda kweli, sitamnyima haki yake. Jumatano kabla ya kwenda redioni alipita dukani, akavaa hedifoni za kusikilizia, akafumba macho hadi kope zikatetemeka. Alinivalisha na mimi, huku Mama akitazama mlango asije meneja. Alinieleza kwamba kwao Marekani mwimbaji huimba kama anataka aonekane na uwanja mzima, ilhali vijana hawa wa Uingereza wanaimba na lafudhi za mitaa yao bila kuona haya, wanasema mambo ya vituo vya basi, mvua, na msichana aliyeondoka na teksi. Huzuni yao, alisema, unaweza kuicheza. Nilisikiliza, na nikaona anasema kweli. Nikaupenda muziki ule kwa moyo wote, na mpaka leo naupenda, jambo ambalo linaniudhi kila nikikumbuka ni nani aliyenifunza.

Naye alipenda kuniuliza, “Moraa, unasikia nini?” Nikamwambia nilichosikia. Kwamba gitaa la wimbo huu ni kama mtu anayekwangua ukoko chini ya sufuria. Kwamba huyu mwimbaji anaonekana amegombana na mama yake asubuhi na sasa anataka kurudi nyumbani lakini hajui ataanzaje. Alicheka, akaandika kitu kiganjani kwa kalamu, akaenda zake.

Jioni moja Mama alikuwa anasonga ugali, redio iko juu ya friji, nami nikamsikia Mister Kyle akiwaambia watu wote wa Dubai kwamba gitaa la wimbo ule, kwa sikio lake yeye, ni kama mtu anayekwangua ukoko. Sikuamini. Yule mtu hajawahi kukwangua ukoko maishani mwake! Wiki iliyofuata akasema la ugomvi wa asubuhi, na mpiga simu akamwambia ana kipaji cha kueleza muziki. Alishukuru kwa sauti ya unyenyekevu iliyonipandisha hasira hadi masikioni.

Hilo ningemsamehe, labda. Lakini siku moja nilikuwa nimemuuliza swali la kitoto: bendi fulani ambayo mwimbaji wake aliimba akilia na kuangalia juu, je, si bendi ya injili? Jumatano ile akawasimulia wasikilizaji kwamba kuna dada Mwafrika katika duka la CD Al Mankhool ambaye humwuzia bendi hiyo akidhani ni kwaya ya kanisani, na ameiweka kwenye rafu ya nyimbo za kuabudu. Aliigiza hata sauti yake, akatoa sauti nzito ya polepole isiyofanana kabisa na ya Mama. Akacheka mpaka akakohoa. Maneno yangu mazuri aliyafanya yake, la kijinga akampa mama yangu. Mama alizima redio, akapakua chakula.

Kesho yake wateja walijaa kaunta nzima wakicheka. Mmoja alimwomba Mama amwimbie kidogo. Jioni meneja akamwita, nami nikasikia kila neno kutoka kwenye kigoda changu.

“Gladys, watu wananicheka mimi. Malalamiko ya mteja mmoja tu tena, unaenda ghalani Al Qusais, na kafeel ataamua kama bado anakuhitaji. Umeelewa?”

“Nimeelewa, sir.”

Nami nilielewa. Kafeel ndiye mwenye duka aliyeshikilia visa ya Mama. Akisema hamhitaji, Mama anarudi Kenya, na mimi narudi naye, maana Baba hawezi kulea mtoto kambini. Baba angebaki Jebel Ali peke yake na tungekuwa tunamwona kwenye picha. Usiku huo nilimsikia Mama akipenga kamasi kwa uangalifu ili nisisikie, nikaapa kwamba Mister Kyle atanijua mimi ni mtoto wa nani.

Kwa siku zilizofuata nilimtungia bendi. Nilimtungia kama unavyompikia mgeni chakula unachojua hawezi kukikataa, kwa kuwa nilishajua anachopenda. Niliiita Miavuli ya Jumanne, kwa Kiingereza bila shaka. Nikawatoa katika mji wa kaskazini mwa Uingereza niliouokota kwenye atlasi ya shule. Mpiga ngoma nikamfanya dada wa mwimbaji, anayekaa juu ya kreti la maziwa kwa sababu hawana pesa za kiti. Wimbo wao mkubwa ulihusu mtu anayemsubiri mchumba kituoni, basi linakuja, mchumba hayumo, naye anapanda hivyo hivyo kwa sababu mvua inanyesha. Nakuambia, hata mimi nilianza kuwapenda.

Nilijua na udhaifu wake. Mister Kyle hakuwa na uwezo wa kutamka maneno “hiyo siijui.” Mteja akitaja bendi yoyote mbele yake, alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali na kusema kazi zao za mwanzo ndizo bora.

Jumatano alikuja mbio, amechelewa. Nilimwambia, kama mtoto anayepiga porojo, kwamba Miavuli ya Jumanne imefika lakini mzigo umezuiwa ghalani, jalada lina msichana aliyevaa kikaptura, lazima apakwe wino. Nikasema kuna CD moja ilipita kabla ya kuzuiwa, nikaisikia. Nikamweleza kuhusu kreti la maziwa.

Alitikisa kichwa taratibu.

“Kazi zao za mwanzo,” alisema, “ndizo bora.”

Karibu nipige vigelegele.

Jioni ile nilikaa kando ya friji nikijiuma vidole. Hakunichelewesha. Aliwaambia wasikilizaji kwamba kuna bendi ambayo Dubai nzima ni yeye tu aliyeisikia, CD yao iko kwake nyumbani, na ngoma za yule dada juu ya kreti zilimtoa machozi. Ndipo mama mmoja wa Kiingereza akapiga simu. Alisema amezaliwa mji huo, amekulia katika kumbi zake, na hajawahi kusikia bendi ya jina hilo.

“Basi, bibie,” Mister Kyle akamjibu, “ulikuwa ukienda kumbi zisizofaa. Jumatano ijayo nitakupigia hapa hapa.”

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama alikuwa anakata sukuma wiki. Alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye kisu, akaniambia nipunguze sauti ya redio. Nilidhani kelele zinamkera.

Raha yangu haikudumu. Jumanne jioni mlango ulifunguliwa na yule mtu akaingia uso umemvimba, na hakuelekea kwenye hedifoni. Meneja alikuwa pale pale kwenye mashine ya pesa, na wateja watatu wanne wamesimama. Hapo ndipo akili iliponijia. Huyu akisema tu kwamba mtoto wa muuzaji amemdanganya, hayo ni malalamiko, na Mama ameenda. Niliteleza kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni. Kisasi nilichomlipia Mama ndicho kingemfukuzisha kazi.

Mister Kyle alimuuliza Mama CD ya Miavuli ya Jumanne iko wapi, akaongeza, kwa sauti ya chini, “Kwa sababu huyu binti yako ndiye—”

“Imeisha, sir,” Mama akasema.

Alisema wazi, duka zima likasikia. Meneja akainua kichwa.

“Zilikuja chache,” Mama akaendelea, “na tangu uisifu redioni watu hawatuachi. Zote zimekwenda. Khalas. Lakini wewe si ulisema unayo nyumbani, sir? Sisi sote tunasubiri kesho utupigie.”

Meneja alifurahi ajabu. Alitoka nyuma ya mashine, akamshika Mister Kyle mkono, akamshukuru kwa kutangaza biashara, akamwambia Mama yalla, andika oda, tuletewe nyingine nyingi. Mteja mmoja akauliza kama anaweza kuwekewa ya kwake. Nilichungulia kutoka chini ya kaunta. Shingo ya yule mtu ilikuwa imegeuka rangi ya nyanya. Angefanya nini? Aseme bendi haipo, hali alitokwa na machozi kwa ajili yake mbele ya mji mzima?

“Ninayo, ndiyo,” alisema. “Nilitaka ya pili tu.”

Akatoka bila kununua kitu. Kesho yake alisema redioni kwamba CD imekwaruzika. Yule mama wa Kiingereza akapiga tena, na wenzake wakapiga, kila Jumatano, wakimwomba Miavuli ya Jumanne kwa adabu kubwa, wengine wakidai kuwa mpiga ngoma ni binamu yao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kabla ya Krismasi saa ile ikapewa mtangazaji mwingine, na Mister Kyle hakukanyaga dukani tena. Mama alibaki kaunta mpaka mimi nikamaliza shule. Meneja aliendelea kuulizia ile oda kwa muda mrefu, na ghalani wakimjibu inshallah.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama aliniokoa kwa kutojua. Nilidhani alisema “imeisha” kwa mazoea, kwamba kwake majina yote yale ya Kiingereza yalikuwa sawa. Ndiyo, msomaji, hata mimi nilimdhania kama Mister Kyle alivyomdhania. Nilikuja kuwa muuza viatu Nakuru ndipo nikajua kwamba mtu anayefungua maboksi kwa mikono yake hawezi kutojua kilichoingia na kisichoingia.

Nikakumbuka pia kanisani. Dubai tulisali Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi. Ijumaa ya wiki ile ilikuwa na meza ya Bwana, na sahani ya mkate ilipomfikia Mama, aliipitisha kwa Baba bila kuchukua kipande. Meza iliyofuata ikawa vilevile. Nilidhani tumbo linamsumbua. Kwetu mtu mwenye dhambi ambayo hajaitubu hagusi mkate ule, na Mama hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, aseme samahani asiyoihisi, kisha ale. Alikuwa amesema uongo makusudi, mchana kweupe, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na alikuwa hajajuta hata kidogo.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Kisii, nikamuuliza alirudi lini mezani kwa Bwana. Alikuwa anachambua mboga ya managu, hakuinua uso.

“Nilitubu,” alisema, “walipomtoa redioni.”