Mama Futi, fundi anayepima mlango kabla ya jiko

Saa mbili asubuhi, mteja anamwonyesha fundi pembe ya jikoni anapotaka jiko lake jipya likae. Fundi anaitikia kwa adabu, kisha anampita na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba cha kulala. Anachomoa futi kamba, anapima upana, anaandika kiganjani kwa kalamu.

"Fundi, jiko ni la huku," mteja anamkumbusha.

"Najua, dada. Ndiyo maana napima huku."

Majiko yake ya kuni na makaa ya mawe huwa mapana kuliko mlango wa chumba cha kulala kwa vidole vinne. Jikoni yanaingia kwa mlango wa nje. Chumbani hayaingii, hata wakiyasukuma wanaume watatu. Wateja wapya humwona ana kasoro kidogo. Wa zamani wamembandika jina la Mama Futi, na yeye analiitikia.

Ana miaka hamsini na mbili. Kukunja vyuma alijifunza kwa mumewe, na mgongo ulipomshinda mume, nyundo akaishika yeye. Hutengeneza majiko sita kwa mwezi. Msimu wa baridi hufika kumi na mawili, na hapo ndipo ada za shule zinapopatikana.

Habari ya milango ilianzia nyumbani kwake miaka minne iliyopita. Mama yake mzazi, wakati huo akiwa na miaka sabini na minane, alisikia baridi. Akabeba jiko dogo lenye makaa yaliyokwisha kushika, akaliweka karibu na kitanda, akaziba dirisha kwa matambara na kulala.

"Hayakuwa na moshi," bibi anajitetea hadi leo. "Mngeniambia habari ya moshi, ningeelewa."

Hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa aliyelala anaweza kulala moja kwa moja. Mama Futi alimkuta mama yake hajitambui. Baada ya siku tatu hospitalini, bibi alirudi mzima wa afya na mbishi kuliko alivyoondoka.

"Jiko lile nililitengeneza mimi, kwa mikono hii," anasema Mama Futi. "Nililia mpaka nikaishiwa machozi."

Ndipo alipoanza kutengeneza majiko mapana. Alidhani amemaliza kazi. Mwezi uliopita baridi iliporudi, aliingia chumbani kwa mama yake mchana na kukuta karai la makaa mekundu pembeni mwa kitanda.

"Ulikataza jiko," bibi akamwambia bila wasiwasi. "Hili ni karai."

Mwandishi wa habari hii anacheka. Mama Futi hacheki.

"Nilitoa karai, nikafungua dirisha, nikakaa kitandani kwake. Kweli, chumba kilikuwa cha baridi. Miaka minne nampigia mama kelele juu ya moto, sijamuuliza hata siku moja juu ya baridi."

Akamwita shemeji yake mwashi. Kwa siku kumi na moja wakabomoa na kujenga upya ukuta unaotenganisha jikoni na chumba cha bibi, bomba la moshi likipita ndani ya matofali. Jiko linabaki jikoni, moshi unatokea juu ya paa, joto linabaki ukutani. Juu ya dirisha ameacha tundu la hewa, na limewekwa mahali ambapo bibi na matambara yake hawafiki.

Leo alasiri ni majaribio. Mama Futi anawasha vipande vya mbao vibichi ili moshi uwe mzito, kisha anakimbilia chumbani na tochi kukagua kila kiungo cha matofali. Bibi ameketi kitandani, miwani puani.

"Pale!" bibi anaruka. "Moshi!"

Ni uzi mwembamba, karibu na dari. Fundi alikuwa ameshaupita. Anakwenda jikoni kuzima moto, anarudi chumbani, anapanda kigoda na kuziba ufa kwa udongo.

"Macho ya mama yangu bado yapo," anasema.

Majirani wawili wenye wazazi wazee wameshaomba ukuta kama huu. Mama Futi amepanga kuanza nao mwezi ujao, na kuwapitia wateja wote aliowauzia majiko madogo awabadilishie. Lakini kwanza udongo huu ukauke kwa siku nne, kisha moshi ujaribiwe tena.

"Siku nne!" bibi anang'aka. "Na mimi nitalalaje?"

"Nitalala hapa na wewe, mama."

Bibi anainama, anavuta karai alilokuwa amelificha tena uvunguni na kumkabidhi.

"Haya," anasema, akijisogeza upande wa ukutani. "Ila usinivutie blanketi."