Mume Wangu Hapandi Hadi Ajibiwe

Mume wangu anafuta vioo vya maghorofa. Miaka kumi na tisa sasa ananing'inia kwenye jukwaa la kamba, yeye upande huu, mwenzake upande ule, ndoo katikati. Mtaani wanamwita Baba Mapacha, na kusema kweli mtu mpole kama yeye sijamwona. Kinachoniudhi ni huo upole wenyewe.

Mwezi uliopita upepo mkali uliwakuta ghorofa ya kumi na nne. Majukwaa mengine yote yalishuka mbio. La kwake likabaki juu dakika arobaini, likiyumba, mimi naletewa habari na majirani. Aliporudi nikamuuliza alikuwa anasubiri nini huko. "Tulichelewa kidogo, mama." Kidogo! Nikawaka. Nikamwambia achague, kamba au mimi. Hakubishana, akaomba likizo ya wiki mbili. Jumatatu likizo ikiisha, ilikuwa ama arudi kazini, ama apeleke barua ya kuacha kazi. Barua niliandika mimi mwenyewe, ilibaki sahihi yake tu.

Jumamosi mabinti zetu mapacha wakaja na gemu la kuchezea kwenye TV, wameliazima kwa binamu yao. Lina michezo chungu nzima, na mmojawapo, jamani, ni wa kufuta vioo! Wawili mnapanda jukwaa moja, kila mtu anavuta kamba ya upande wake. Mkivuta pamoja mnapanda; mmoja akitangulia, jukwaa linainama na ndoo inamwagika. Wakatuita tushindane nao. Nilikuwa nimenuna, lakini kuchekwa na watoto wangu sitaki.

Filimbi ikalia. Mapacha hao, ghorofa ya pili, ya tatu. Sisi bado tuko chini. Mume wangu akagonga meza mara mbili. "Upo?"

Nikabonyeza bila kumjibu. Jukwaa likainama, ndoo ikaenda zake. Tukaanza upya, akagonga tena. "Upo?"

"Vuta bwana, wanatuacha!"

"Hujanijibu."

"Hili ni gemu tu!"

"Najua. Lakini mwenzangu akiwa kimya siwezi. Mkono wenyewe unakataa."

Mapacha walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikaweka rimoti chini. "Siku ile ya upepo, mwenzako alikuwa kimya?"

Akakuna shingo. "Aliganda kwa hofu, kakumbatia chuma, kafumba macho. Ningevuta kamba yangu, angeanguka. Nikawa nagonga, namuuliza, nagonga, mpaka akaitika."

"Mbona hukuniambia?"

"Aibu ni yake. Mimi nitaitangazaje?"

Dakika arobaini! Na mtu wa namna hii ndiye niliyemwandikia barua. Nilijisikia vibaya, na nikampenda upya, siwafichi.

Tulicheza tena mara tano. Yeye anagonga, mimi naitika, tunapanda. Zote tulishindwa, maana kule kugonga kunakula muda, na mapacha hawakutuonea huruma hata chembe. Ila ndoo yetu haikumwagika tena.

Jumatatu asubuhi nikamkuta mlangoni, mkanda wa kazi begani, barua mkononi, haina sahihi. Alikuwa hajatoka. Akagonga fremu ya mlango mara mbili, akaniangalia.

Nilikuwa naogopa. Hata leo naogopa. Nikamnyang'anya ile barua.

"Nipo," nikamwambia. "Panda."