Suruali ya Bwana Afisa

Jamani, leo Bwana Afisa wa Kijerumani amepasukiwa na suruali niliyomshonea, pale bomani, watu wote wanatazama.

Kitambi chake mnakijua. Siku nampima nilimwomba achuchumae, maana mtu mnene akiinama nguo inavutwa kwingine kabisa. Akasema yeye si mshenzi wa kuchuchumaa, na suruali ikiharibika nitachapwa viboko.

Leo kofia imemdondoka, akaiinamia. Traaa.

Bi Mwanahawa wa Mlali, mnene kumshinda, akainama akamwokotea. Kanzu yake tulii. Yeye nilimpima huku anatwanga.

Jioni Bwana Afisa kaja kwangu, kofia kaishikilia matakoni. Nikajua mgongo wangu umekwisha.

Akafunga mlango, akachuchumaa mwenyewe.

Nimempima polepole sana. Nyie mngeharakisha?