Asante ya Absalom

Absalom wa hapa kwetu Otonglo hakuwahi kumwambia binadamu asante. Ukimsaidia kusukuma mkokoteni uliokwama kwenye tope, anaangalia mawinguni: "Asante, Baba!" Wewe uliyechafuka hadi magotini hata hakuoni. Shukrani ni za Mungu peke yake, anasema, na kumshukuru mtu ni kuabudu sanamu. Basi sisi masanamu tumechoka naye.

Mwaka jana alipanda paa la kanisa kufunga spika, ili hata walevi wa sokoni wasikose mahubiri. Akateleza, akaanguka, akavunjika mguu. Mkewe, Dorca, ambaye wote tunamwita Mama Seline kwa jina la binti yao, ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamchemshia supu ya samaki mbuta, huku akiuza dagaa wa omena ili nyumba isilale njaa. Mgonjwa, yeye, aliimba pambio. Siku moja Dorca aliniambia machozi yakimlengalenga, "Sitaki kitu kingine. Aniambie tu asante, hata mara moja." Iliniuma sana.

Alipopona, Absalom aliita kanisa zima kwake kwa ibada ya shukrani. Dorca alipika tangu alfajiri: kuku, samaki ngege wa kukaanga, ugali wa kushibisha harusi. Absalom akasimama, mkongojo juu.

"Hakuna mtu alinisaidia! Hata mmoja! Ni Mungu Nyasaye tu alikuwa ananiosha, ananilisha!"

Tukapiga makofi, wanafiki sisi. Dorca alikuwa mlangoni, na alisikia kila neno.

Wakati wa kula Dorca akashika upawa mwenyewe. Pasta Zadock akanyoosha sahani kimya. Dorca akamtazama tu, hakupakua, mpaka Pasta akang'amua.

"Erokamano, Mama Seline. Asante sana."

Akapakuliwa hadi sahani ikafurika. Foleni nzima ikaelewa haraka, na asante zikamiminika kama mvua ya masika. Absalom akafika wa mwisho. Sufuriani kulikuwa na paja la kuku na ngege mzima.

"Mama Seline, weka basi."

"Nangoja, Baba Seline."

Pasta akasema, mdomo umejaa, "Ndugu, sema tu. Mungu hatakasirika."

Absalom akameza mate. Akamtazama ngege, akamtazama mkewe, jasho likamtoka. Nilidhani leo ndiyo leo. Kisha akafumba macho na kupaaza sauti: "Asante, Baba, kwa chakula hiki!"

"Amina," Dorca akasema, akafunika sufuria.